Chepngeno wa Olenguruone

"Na hizi vitu Chepkemoi huandika kila siku, kwani ni nani huzisoma?"

Wangeci, jirani wa ukuta mmoja pale mtaa wa Section 58, aliuliza swali hilo mwezi wa Novemba, karai la nguo likiwa kiunoni. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa tu ameona taa ya kompyuta dirishani siku nyingi mno. Mama Kimutai, aliyekuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, alicheka na kusema hata yeye hajui, labda ni wazungu.

"Basi wazungu hawana kazi," Wangeci akasema, akaenda kuanika nguo zake.

Swali lile lilimkaa Mama Kimutai. Yeye alisoma hadi darasa la sita huko Olenguruone, akaolewa, akazaa wawili, akafiwa na mume, na tangu hapo kitabu alichokijua ukurasa kwa ukurasa ni Biblia na kitabu cha nyimbo. Binti yake alipotoka ndani kuota jua, alimuuliza.

"Makala ikifika, wanaanza kuisoma watu wawili," Chepkemoi akasema, akivuta kigoda. "Hao ndio huamua kama inafaa kuchapishwa kwa jarida. Mimi siwajui, na wao hawanijui. Majina yote huondolewa."

"Yaani mtu anakukosoa na hujui ni nani?"

"Ndiyo, Mama."

"Na yeye hajui anamkosoa nani?"

"Hajui."

Mama Kimutai akapeta maharagwe mara mbili. "Hiyo ni haki kabisa. Hata kanisani tungekosoana hivyo, kwaya ingekuwa bado iko."

Chepkemoi alikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha walimu pale mjini, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mwaka mzima wa 2007, kila Jumatano, aliwapeleka wanafunzi wake wanane kwenye saiba ya Dharmesh. Huko waliketi mbele ya kompyuta na kusoma pamoja na wanafunzi wanane wa Uholanzi, ambao nao walikuwa wakisomea ualimu. Waliulizana jinsi ya kumfundisha mtoto kusoma, jinsi ya kumnyamazisha bila kumpiga, na mwisho kila mmoja akamwandikia mwenzake habari za nyumbani kwao. Sasa Chepkemoi alikuwa ameyaandika yote hayo, kurasa ishirini na mbili, ayapeleke kwa jarida la wasomi lililoshughulika na masomo ya namna hiyo tu, ya watu wasioonana. Mkuu wa chuo alikuwa amemwambia wazi: leta barua ya jarida linalojulikana, nikuandikie kazi ya kudumu, usipoleta, mkataba ukiisha mwezi wa pili, umeisha.

"Na hao wanafunzi nao lazima niwafiche," Chepkemoi akaendelea. "Nimeandika maneno yao, lakini jina la kweli haliruhusiwi. Niliwapa namba, lakini nikiisoma naona kama ni wafungwa. Nipe majina, Mama."

Siku hiyo mama na binti walicheka sana. Mama Kimutai alitoa majina kama anayegawa peremende. Yule mvulana mrefu wa Kitale akaitwa Wamalwa, ingawa alikuwa Mkisii. Yule wa Naivasha akaitwa Chepchirchir. "Ukitaka kumficha mtu," Mama Kimutai alisema, "usimweke jirani na nyumbani kwao. Mvushe mto, hadi kabila jingine." Chepkemoi akaona ni hekima, akaandika.

Walipofika kwa Nyakio, Mama Kimutai akauweka ungo chini. Yeye alimpenda msichana huyo. Alikuwa amekuja pale nyumbani mara tatu, akanywa mursik, maziwa ya kibuyu, bila kukunja uso, na akasema kwao pia ni Olenguruone, upande wa pili wa kilima, ambako mlango wa nyumba yao ulitazama msitu. Mwenzake wa Uholanzi alimwuliza mlango unatazama wapi, na Nyakio akaandika kurasa tatu nzima za mlango ule: ukungu, redio ya babake, mapeasi yanayoangukia bati usiku hadi mgeni adhani ni wezi.

"Huyu mpe Chepngeno," Mama Kimutai akasema.

"Jina la kogo?"

"Jina la mama yangu. Huyu msichana anaipenda ile milima kama yeye. Wacha mama naye asomwe Ulaya."

Chepkemoi akaandika Chepngeno.

*

Januari ilipofika mwisho, Mama Kimutai alikuwa na siku sita hajavuka lango lake.

Mji ulikuwa umechafuka baada ya uchaguzi. Moshi ulipanda upande wa Free Area, ukatulia, ukapanda upande mwingine. Kafyu ilitangazwa, mtu asionekane nje usiku. Barabarani vijana waliweka mawe na kudai vipande vya utambulisho, na kwenye kipande hawakusoma namba wala picha, walisoma jina, wajue kabila. Kimutai, mwanawe, alikuwa amekwama Olkaria kazini, akipiga simu kila alipopata kadi ya kukwangua, akisema neno moja tu: "Msitoke." Kwa hiyo hawakutoka. Unga uliletwa na Wangeci. Mafuta yaliletwa na Wangeci. Hata sukuma wiki ilipitishwa juu ya ukuta, na Mama Kimutai, ambaye miaka kumi na minne alikuwa ndiye anayepitisha vitu juu ya ukuta ule, alipokea kwa mikono miwili huku akitazama chini.

"Usiniangalie hivyo, Mama Kimutai," Wangeci akamwambia siku moja. "Ni sukuma tu. Sijakuletea ng'ombe."

Kila alfajiri aliomba. Aliomba kwa kunong'ona, maana aliomba kwa lugha ya kwao, na ukuta ulikuwa mwembamba.

Jumatatu, Chepkemoi akasema lazima afike kwa Dharmesh. Jarida lilikuwa limeahidi jibu mwezi huu na simu yake haikuweza kufungua barua za kompyuta. Mama Kimutai alikataa. Chepkemoi akalia, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu siku ya mazishi ya babake. Mwisho Wangeci akasema kutoka upande wake wa ukuta, "Nitaenda na yeye mimi. Mvishe leso yangu hii. Na asifungue mdomo."

Walikaa saa mbili na nusu. Mama Kimutai alisimama nyuma ya pazia muda wote huo bila kuketi. Waliporudi, Chepkemoi aliivua leso, akaikunja vizuri, akamrudishia Wangeci na kumshukuru. Lango lilipofungwa ndipo aliposema.

"Wametusimamisha pale kwa kinyozi. Mmoja akasema, 'Niaje mathe, huyu ni nani?' Wangeci akasema, 'Ni Nyambura, mtoto wa dadangu, hasikii vizuri.' Yule kijana akaniita, 'Nyambura!' Mara ya kwanza nikanyamaza. Mara ya pili akapiga kelele, nikaitika."

"Uliitika vizuri," mama akasema. "Umerudi."

"Nimeitika, Mama. Nimekubali kama mtu anayekubali jina lake." Akajifuta uso kwa kiganja. "Afadhali wangenipiga kofi."

"Usiseme hivyo. Jina si ngozi. Limevuliwa, utalivaa tena."

Mama Kimutai alisema hivyo ili amtulize, na akaamini anachosema.

Habari za Dharmesh zilikuja baadaye, na chai. Alikuwa amefungua mlango wa chuma hadi kiunoni tu, wateja wakiingia kwa kuinama. "Ingia haraka, mwalimu," alimwambia Chepkemoi. "Mimi nafungua nusu, kwa sababu serikali iko nusu." Alimpa kompyuta ya pembeni na hakutaka kusikia habari ya malipo. Jibu lilikuwepo. Wale watu wawili wasio na majina walikuwa wameisoma makala na kuikubali. Mmoja wao aliandika kwamba moyo wa kazi nzima ni zile kurasa za mwanafunzi aliyeitwa Chepngeno, na bila hizo asingeona sababu ya kuichapisha.

Mama Kimutai akaweka kikombe chini. "Mama yangu," akasema polepole. "Ameifaulisha."

"Lakini wanataka fomu za idhini. Kila mwanafunzi atie sahihi kwa jina lake la kweli kwamba amekubali maneno yake yatumike. Fomu wanaziweka wao, hazichapishwi. Saba ninazo. Walitia sahihi kabla chuo hakijafungwa."

"Na ya nane?"

"Nyakio alikuwa mgonjwa siku hiyo. Nikasema atatia Januari." Chepkemoi akatazama majani ya chai kikombeni. "Mwisho ni Alhamisi. Na Dharmesh anafunga saa kumi, awahi kafyu."

*

Kulikuwa na jambo Mama Kimutai hakulisema. Wiki moja nyuma kaka yake, Kipkirui, alipiga simu kutoka Olenguruone. Alimuuliza kama wako salama, akasema huko sasa kumetulia, hata ng'ombe wamepata nafasi ya malisho. "Upande gani?" Mama Kimutai akauliza. "Huo upande wa pili wa kilima," kaka akasema. "Hakuna mtu huko sasa. Hata mapeasi yanaoza tu, watoto wanabeba na magunia."

Alikuwa ameishika simu hadi ikakatika yenyewe. Hakuwa amemwambia binti yake wakati ule, na sasa aliona hawezi. Alijua Nyakio yuko wapi. Watu wote wa upande ule wa kilima, walionusurika, walikuwa kwenye mahema pale uwanja wa maonyesho, na Wangeci alikuwa akipeleka nguo huko na akina mama wa kanisa lake.

"Mwambie Wangeci amtafute," akasema hatimaye. "Ampelekee hiyo karatasi."

Wangeci alienda Jumanne na fomu ndani ya mfuko wa nguo za watoto. Kafyu ilimkuta huko, akarudi Jumatano mchana. Hakupitisha kitu juu ya ukuta. Alizunguka hadi langoni na kuingia, akaketi, akavua viatu.

"Nimempata. Yuko na mamake, na yule mdogo wao anakohoa vibaya. Baba hawajui aliko." Alisema hayo akiitazama sakafu. "Nilimpa karatasi yako, Chepkemoi. Akaniuliza, 'Makala yenyewe iko wapi?' Nikasema, mimi nimepewa hii tu, we tia sahihi msichana wangu, mwalimu wako anaumia. Akasema madam mwenyewe ndiye aliwafundisha wasitie sahihi kwa kitu hawajasoma."

Chepkemoi akafunika uso. Hakuna aliyejua kama anacheka au analia.

"Ni kweli," akasema. "Niliwafundisha. Wiki ya pili."

"Anasema atakuja kesho aisome. Nitamleta mimi. Nimemwambia ni kwa Mama Kimutai, akasema, 'Huyo mama alinipa maziwa.'"

Wangeci alivaa viatu vyake. Mlangoni akageuka. "Mama Kimutai, nikuulize. Nikimtoa yeye kwa mahema nimlete kwa nyumba hii, vijana wetu wakijua watanifanya nini? Na hawa wa kwenu wakijua atafanywa nini?"

Mama Kimutai akamfuata hadi mlangoni. Alimshika mkono tu, akaushika muda mrefu kuliko kawaida.

*

Alhamisi walifika saa nane. Nyakio alikuwa amevaa koti la mtu mwingine, la kiume, mikono imekunjwa mara tatu. Wangeci alibaki nje karibu na lango, akijifanya anafagia ua wa wenyewe ili kama mtu atapita amwone yeye.

Mama Kimutai alikuwa amechemsha chai tangu saa sita na kuipasha mara mbili. Alitaka kumkumbatia msichana akashindwa kujua aanzie wapi, kwa hiyo akasema, "Karibu, mtoto wangu. Kaa."

"Asante, Mama." Nyakio aliketi ukingoni mwa kiti.

"Pole," Chepkemoi akasema.

"Asante, madam."

"Mdogo wako anaendeleaje?"

"Amepata dawa jana." Kisha akanyoosha mkono. "Nisome."

Chepkemoi alimpa kurasa ishirini na mbili. Nyakio alisoma kama mwalimu anavyosahihisha, kidole kikifuata mstari. Chai ilipoa mbele yake. Mara moja alitabasamu, akasema, "Hapa umetuandika vizuri, madam. Ile siku stima ilipotea, kompyuta zote zikazima," na Chepkemoi akacheka haraka mno, kwa sauti ya juu mno. Saa ya ukutani ilikuwa imefika tisa kasorobo.

Alipofika ukurasa wa kumi na nne, kidole kilisimama.

Mama Kimutai alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Hakuweza kusoma Kiingereza cha wasomi, lakini majina ni majina kwa lugha zote, na aliliona pale chini ya kidole jina la mama yake. Moyo wake ulimwambia kitu kabla akili haijafika. Alikumbuka ungo wa maharagwe. Alikumbuka alivyosema, mvushe mto.

"Chepngeno ni nani?" Nyakio akauliza.

"Ni wewe," Chepkemoi akasema. "Jina la kweli haliruhusiwi, unakumbuka niliwaeleza. Ili mtu asikujue."

Nyakio akasoma kwa sauti, akitafsiri polepole, kama alivyofundishwa kuwasomea watoto. "'Chepngeno anaandika: Nyumba yetu iko Olenguruone. Mlango unatazama msitu. Babangu aliuweka hivyo mwenyewe, ili asubuhi aone kama kuna mvua. Mti wa mapeasi ulipandwa... aliupanda babu, na kila mtoto akizaliwa...'" Akaacha.

Ufagio wa Wangeci ulisikika nje, ukifagia mahali pamoja.

"Ni nani?" Nyakio akauliza tena, sasa akimtazama Mama Kimutai. "Huyu Chepngeno. Yuko mtu kama huyo?"

Mama Kimutai hakuwahi kusema uongo mezani pake. "Alikuwa mama yangu," akasema. "Alikufa zamani. Ni mimi nilitoa hilo jina. Nilikupa kwa sababu nilikupenda."

"Alikuwa anaishi wapi?"

"Upande huu wa kilima."

"Na hapa anaishi upande wetu."

 Mama Kimutai alifikiria mapeasi kwenye magunia, watoto wa kaka yake wakiyabeba. Alifungua mdomo. Akaona kwamba akisema, msichana atajua kila kitu, na asiposema, atakuwa ameketi naye meza moja na kitu hicho katikati yao. Akaufunga mdomo.

"Nitabadilisha," Chepkemoi akasema. Alikuwa ameshasimama. "Nyakio, nisikize. Niliandika Novemba. Hatukujua. Nabadilisha sasa hivi kwa Dharmesh, ni dakika mbili. Niambie jina lolote unalotaka. Lolote."

"Nataka langu."

"Langu..." Chepkemoi akajikwaa. "Lako hawakubali. Ni sheria yao, ni kwa usalama wenu. Ukitumia jina la kweli wanaikataa makala yote."

"La kweli hawakubali."

"Kwa makala, hapana. Kwa fomu tu. Fomu ndiyo inataka la kweli, na hiyo haionekani na mtu."

"Kwa hivyo jina langu liwekwe mahali hakuna mtu ataona," Nyakio akasema, "na kwa nyumba yetu kukae la mwingine."

Alisema bila hasira, kama anayerudia swali la mtihani ahakikishe amelielewa. Chepkemoi alitazama saa, akajichukia kwa kuitazama, na mama yake akaona yote mawili.

"Nikutolee hizo kurasa kabisa?" Chepkemoi akauliza kwa sauti ndogo.

"Watakubali bila hizo?"

Chepkemoi akatikisa kichwa.

"Basi utakosa kazi."

"Nitakosa."

"Na ukikosa, mlango wetu hautakuwa umeandikwa popote." Nyakio alisugua mkunjo wa koti lile. "Mamangu ameniuliza leo kama nakumbuka ulikuwa rangi gani. Nimesema kijani. Yeye anasema buluu. Hapa niliandika nini?"

Chepkemoi alitafuta kwenye ukurasa. "Kijani," akasema.

"Ah," Nyakio akasema. Kisha: "Nipe kalamu."

Mama Kimutai ndiye aliyempa. Kalamu ilikuwa ndani ya Biblia yake, alikoiweka kupigia mistari. Nyakio akaivuta fomu, akaisoma juu hadi chini, hata maandishi madogo, maana ndivyo alivyofundishwa. Akaandika taratibu kwa mwandiko wa ubaoni, ule wa walimu, herufi zote zimesimama wima. Akatia tarehe. Akafunika kalamu na kuilaza sambamba na karatasi.

"Asante," Chepkemoi akasema. "Mungu akubariki, Nyakio. Asante." Tayari alikuwa anavaa leso ya Wangeci, aliyoiazima tena, anatafuta flashi yenye makala, anaingiza mguu kwenye kiatu. "Nitakimbia. Nitafika."

Ndipo alipoichukua fomu.

Mama Kimutai alimwona binti yake akisimama na kiatu kimoja. Alinyanyuka, akazunguka meza, akasoma juu ya bega lake. Pale palipoandikwa jina kamili la mwanafunzi, Nyakio alikuwa ameandika *Chepngeno*. Pale pa nyumbani, *Olenguruone*. Na pale pa sahihi, *Chepngeno* tena, na mstari chini yake.

"Nyakio," Chepkemoi akasema. "Nyakio, tafadhali. Iko nyingine, nina nakala nyingine hapa."

Saa ya ukutani ilikuwa tisa na nusu. Msichana alikuwa ameshasimama. Alikunjua mikono ya koti lile moja baada ya nyingine hadi ikamfunika vidole, akakirudisha kiti chini ya meza mahali alipokikuta, akampita Mama Kimutai karibu kiasi kwamba mama alinusa moshi wa kuni wa mahema kwenye nywele zake. Kikombe chake kilikuwa kimejaa bado. Nje Wangeci aliacha kufagia akamuuliza kama tayari, akamuuliza tena, na Nyakio akalifungua lango yeye mwenyewe, akatoka.